Ukaazi wa Uyoga

Armida Colzani bado yu hai, anakula vizuri na ulimi wake haujapata kutu, lakini manispaa ya Pessarate ilikwisha amua kwamba siku akifa asilazwe Pessarate. Aliambiwa hivyo Jumanne moja ya mwezi wa tatu, kwenye dirisha la pili, na Marzia wa ofisi ya vizazi na vifo, msichana ambaye Armida mwenyewe alikuwa akimfuta kamasi alipokuwa chekechea.

"Bi Armida, mfumo unasema wewe si mkazi wa hapa."

"Mfumo ni nani?"

"Kompyuta, Bi Armida."

"Basi mwambie nimezaliwa ua wa Cagnola, chumba cha juu, kabla mama yake hajazaliwa."

"Kuzaliwa kupo, sijakataa. Ila makazi yako ni Prafosco."

Prafosco ni kijiji cha milimani, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, chenye watu arobaini na mbuzi wengi kuliko hao. Armida huenda huko mwezi wa nane, wakati Milano, jiji letu kubwa, inawaka kwa joto la kiangazi na sisi tulio ubavuni mwake tunaungua nayo. Anafungua nyumba ya mawe ya mkwewe, anafukuza panya, anarudi. Ndiyo makazi yake hayo.

Mimi niliyeandika haya nakaa naye mlango kwa mlango mwaka wa ishirini na mbili sasa. Ua wetu, huo huo wa Cagnola, uko nyuma ya kanisa, ghorofa mbili, baraza ndefu ya vyuma imezunguka pande tatu, na mtu akichemsha kabichi kila mmoja anajua ni nani. Chumba alimozaliwa Armida ndimo leo nilimoweka mashine yangu ya kufulia. Alipofika miaka kumi na minne aliingia kiwanda cha pamba, idara ya kuviringisha nyuzi, akatoka humo ana miaka arobaini na masikio yaliyoziba nusu. Kiwanda kilifungwa, kikakaa na njiwa miaka kumi na miwili, kisha wakakigeuza maghorofa yenye vioo. Wakayanunua watu wa Milano. Wanaondoka na treni ya saa moja na dakika kumi na mbili, wanarudi jioni na mkate walionunua huko huko Milano. Mkate! Ndiyo maana mwoka mikate wetu alianza kufunga Jumatatu, akafunga na Jumatano, halafu akafunga moja kwa moja. Pessarate siku hizi ni kitanda cha Milano. Wanakuja kulala tu, na kitanda hakiulizwi maoni.

Sasa huyo aliyekaa hapa miaka sabini na mitano, anayejua kila bomba la mtaa limepita wapi, ndiye si mkazi. Wale wa mkate ni wakazi.

Armida alirudi uani siku ile uso mwekundu kama kiazi sukari cha kuchemsha. Nilikuwa napiga pasi dirishani.

"We Nives, unajua mimi ni mtu wa wapi?"

"Wa hapo mlangoni."

"Mimi ni mtu wa Prafosco. Mbuzi wananipigia kura." Akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Ni Oreste. Oreste na uyoga wake, Mungu amrehemu na amchape kidogo."

Oreste Galimberti alikuwa mumewe, fundi mitambo wa kile kiwanda, mtu mpole asiye na kosa ila moja: uyoga. Ule mnene wa kahawia unaoota chini ya miti ya msituni huko Prafosco. Na watu wa Prafosco wana sheria yao ya mababu: msitu wa juu ni wa wakazi. Mkazi anaokota uyoga atakavyo, na kuni zake anapewa. Asiye mkazi akate kibali, aokote siku mbili kwa wiki, kilo zipimwe, tena asikanyage msitu wa juu. Oreste, aliyezaliwa na mama wa Prafosco, kupimiwa uyoga na mlinzi wa msitu kulimtia homa. Lakini kuhama yeye mwenyewe hakuweza, kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa klabu ya wazee ya kurusha tufe hapa Pessarate, na mwenyekiti lazima awe mkazi. Basi akamhamisha mke. Kwa karatasi tu. Mkazi alikuwa Armida, na Oreste alikuwa akitembea nyuma yake msituni na kikapu, eti anamsaidia.

"Aliniletea fomu nikiwa nakanda unga," Armida akaniambia. "Nikamuuliza, nini hii? Akasema, uyoga. Nikatia sahihi na vidole vya unga. Nilitia sahihi uyoga, shoga yangu! Nani angejua nasaini kaburi?"

Kosa kama hilo Mmilano halifanyi, na mtu wa milimani halifanyi. Ni letu sisi wa katikati, wenye mguu mmoja kwenye treni na mwingine kwenye nyumba ya mawe ya marehemu bibi.

Nieleze kwa nini jambo hili lilimkaba koo. Makaburi yetu yana ukuta mrefu wenye mashubaka, safu tano kwenda juu, kila shubaka jeneza moja, mbele jiwe la marumaru na picha. Oreste alilazwa miaka minne iliyopita, shubaka la mia na kumi na saba, safu ya pili, kimo cha macho. Kushoto kwake, mia na kumi na sita, yupo Piera Mauri, mjane wa mwenye bucha. Huyo Piera, kabla Armida hajavaa pete, alicheza dansi na Oreste kiangazi kizima kwenye ukumbi wa kituo cha treni, na hakuacha kulitaja hilo mpaka siku ya kufa. Kulia, mia na kumi na nane, ni tupu. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Oreste amelala ubavuni kwa Piera mwaka wa nne huu, na upande wa pili anamsubiri mkewe.

Mtu aliye hai haruhusiwi kujiwekea shubaka mpaka atimize miaka sabini na mitano, na awe mkazi. Armida alitimiza mwezi wa pili. Aliisubiri siku ile kama wengine wanavyosubiri harusi. Na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, saa sita mchana. Baada ya hapo mashubaka matupu yanagawiwa kwa walioandikwa, kwa zamu.

"Rudisha ukaazi, basi," nikamwambia. "Miezi miwili ipo."

"Nimeshajaza fomu. Sasa lazima aje askari wa manispaa kuangalia kama kweli nakaa ninapokaa."

"Lini?"

"Hawasemi. Wakisema, watu watajifanya wapo."

Askari wenyewe si wa kwetu tena. Miji minne imechanga kikosi kimoja, ofisi yake iko Vimorago ng'ambo ya mfereji. Tuliyepangiwa sisi ni Lo Curto, mtu wa makamo, baba yake alitoka kusini na sanduku lililofungwa kamba, tumbo kubwa, viatu vinang'aa. Mtu wa kanuni. Alikuja mara ya kwanza katikati ya mwezi wa nne, akasimama langoni, akasoma majina kwenye kengele, akaondoka. Hakubonyeza hata moja. Tulijua kwa karatasi aliyoiacha kwenye sanduku la barua: "Colzani Armida, hayupo, jina halipo."

Jina halipo kwa sababu kengele imeandikwa Galimberti. Huku kwetu mwanamke kwenye karatasi za serikali anabaki na jina la baba yake hata aolewe mara saba, ila kengele ni ya mume. Kila mtu anajua hivyo. Lo Curto pia anajua, maana ya kwake nyumbani ndivyo ilivyo, nimeuliza.

Armida akachukua kalamu, akaandika COLZANI kwenye plasta ya kidonda, akaibandika juu ya Galimberti. Halafu akasikitika, akaibandua, akaibandika chini yake.

Mara ya pili Lo Curto alikuja Jumatano saa nne asubuhi. Hapo nilimwona kwa macho yangu, nikatoka barazani na pasi mkononi.

"Afande! Unamtafuta Armida?"

"Namtafuta Colzani."

"Ndiye. Yuko makaburini."

Akanitazama, akafungua daftari lake. "Amefariki?"

"Amekwenda kumfuta vumbi mumewe. Kila siku ya Mungu, saa tatu na nusu mpaka saa tano. Rudi saa tano."

"Mama, mimi sina ruhusa ya kurudi kwa miadi. Ukaguzi ni wa ghafla."

"Basi rudi ghafla saa tano."

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, nakupa saa. Hebu ingia uone, ufunguo ninao. Jiko lake lina moto, paka wake yule pale, soksi zake zile kwenye kamba. Soksi za Prafosco zinaanikwa hapa?"

"Soksi si ushahidi." Akaandika. "Nikimkuta, yupo. Nisipomkuta, hayupo. Safari ya tatu ndiyo ya mwisho, nafunga faili."

Akashuka ngazi akinukia manukato ya kinyozi. Nilitamani ile pasi iniponyoke.

Armida aliporudi nikamweleza. Hakupiga kelele. Alivua skafu yake, akaikunja mara nne, akasema, "Yaani ningekuwa sijali kaburi la mume wangu, ningelipata la kwangu."

Kuanzia siku hiyo akajifungia. Wiki nne na ushee hakutoka asubuhi wala jioni. Sokoni Alhamisi nilimwendea mimi, na vitunguu vyote nilivyonunua alivikataa. Kanisani hakwenda, padri akapita kuuliza kama ni mgonjwa. "Si mgonjwa," akamjibu kutoka dirishani, "nakaa! Nakaa kwa nguvu zangu zote!" Alioga na mlango wazi asije akakosa kengele. Makaburini alinituma mimi, na mimi nina miguu ya kusimamia pasi, siyo ya kupanda ngazi za marumaru na ndoo. Nilikwenda mara tatu kwa wiki, kisha mbili.

"Maua umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Jiwe umelifuta na nini?"

"Na kitambaa, Armida, nilifute na nini, na mtindi?"

"Kwa Piera kukoje?"

"Mtoto wake kaleta maua ya waridi."

Nilikosea kusema.

Basi ikafika Alhamisi, kesho yake ndiyo orodha inafungwa, na Lo Curto hajaonekana. Saa tatu na nusu nikasikia mlango wake. Alikuwa amevaa skafu, na kopo la maji mkononi.

"Unakwenda wapi, mwanamke?"

"Waridi la Piera limemfunika Oreste, nimeliota usiku."

"Kesho, jamani! Siku moja!"

"Wiki nne nimekaa kama kuku anayeatamia. Hakuja. Kwa nini aje leo?"

Alikuja leo, bila shaka. Saa nne kasorobo, viatu vinang'aa. Nilichomoa pasi ukutani, nikashuka hata sijavua aproni, nikasimama mbele ya gari lake.

"Afande, safari hii hata nikikamatwa, huandiki kitu. Fungua mlango."

"Mama, ondoka."

"Wewe kazi yako ni kumkuta? Twende ukamkute. Makaburi ni ya Pessarate au ni ya Ufaransa?"

Wale wazee wa klabu ya tufe walikuwa wamesimama kwenye baa ya mbele na kahawa zao. Mmoja akapaza sauti, "Mchukue, Lo Curto, atakupigia pasi hata kola!" Wakacheka. Mwanamume mwenye sare hapendi kuchekwa mbele ya baa. Akafungua mlango.

Tulimkuta Armida, mfupi kama alivyo, juu ya kigoda, mgongo kwetu, anamsugua Oreste masharubu kwenye picha. Na shubaka la mia na kumi na nane, lile tupu, halikuwa tupu. Mle ndani, nyuma ya ubao ambao kila nilipokuja niliuona umeliziba, alikuwa amepanga ufagio mfupi, sifongo mbili, chupa ya siki, ndala, kiti cha kukunja, redio ndogo, na kopo la biskuti. Miaka minne nilijua anakwenda makaburini. Kuwa amehamia sikujua.

Lo Curto alivitazama vile vitu kimoja kimoja.

"Hivi ni vya nani?"

"Vyangu," Armida akasema bila kugeuka. "Wewe ni nani?"

"Ni askari anayekutafuta."

Kigoda kikatikisika, nikakishika. Alishuka polepole, akafuta mikono, akatoa kitambulisho kwenye sidiria.

"Colzani Armida. Nipo."

Sijui kilichompata yule mtu. Labda mama yake naye amelazwa kwenye ukuta kama ule mahali fulani. Aliturudisha uani garini, akaingia nyumbani kwa Armida, akaona kitanda, mswaki, dawa za presha, paka. Akakubali hata kahawa. Akaandika palepale mezani, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la pili: "Amekutwa. Anakaa hapa." Armida akayasoma mara mbili, akambusu shavuni. Siku ile tulikula kuku.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulikuwa dirisha la pili. Marzia akapekua kompyuta.

"Ripoti haijaingia."

"Imeandikwa jana mbele yangu!"

"Imeandikwa, Bi Armida, naamini. Ila lazima mkuu wa kikosi aitie sahihi ndiyo mfumo uione. Ngoja niwapigie." Akapiga, akasikiliza, akashusha macho. "Mkuu ameshika daraja."

Tarehe mbili mwezi wa sita ni sikukuu ya taifa. Mwaka ule iliangukia Jumanne, kwa hiyo Jumatatu nayo ilikufa, maana ndiyo desturi yetu: siku ya kazi iliyobanwa na sikukuu ni daraja, unapita juu yake. Mkuu wa kikosi, mtu wa bidii, daraja lake alilianzia Ijumaa.

"Nani mwingine anatia sahihi?" nikauliza.

"Naibu."

"Yuko wapi?"

Marzia akatazama kalenda ukutani. Naibu naye alikuwa darajani.

Tulisimama pale mpaka saa sita. Armida hakutaka kukaa. Saa ya kanisa ikagonga saa sita, Marzia akasema "samahani" kwa sauti ndogo, akavuta pazia la dirisha.

Jumatano iliyofuata Armida alikuwa mkazi halali wa Pessarate, na karatasi yenye mhuri. Na shubaka la mia na kumi na nane lilikuwa la Mhandisi Vismara.

Vismara huyo ana miaka themanini na mmoja, mgane, alihamia kwenye maghorofa ya kiwanda miaka mitatu iliyopita kutoka Milano. Hana hata mtu mmoja kwenye ukuta wetu. Alichagua namba kwenye ramani, kwa simu, kwa sababu eti safu ya pili haina haja ya ngazi. Armida, aliyeandikwa baada ya orodha kufungwa, akapewa lililobaki, mia na sitini na tatu, safu ya chini kabisa, karibu na bomba, inatazama mapipa ya maua yaliyooza.

"Siwezi kubadilishana naye?" akamwuliza Marzia.

"Mpaka akubali mwenyewe. Au akihamisha ukaazi. Mtu akihama, shubaka linarudi kwa manispaa na anapewa anayefuata kwenye orodha. Anayefuata ni wewe, Bi Armida."

Tulimwendea Vismara. Alitupokea mlangoni, hakutukaribisha ndani, akatusikiliza kwa adabu ya Milano ambayo ni baridi kama ngazi za benki. Akasema atafikiri. Alifikiri mwezi wa sita wote na wa saba. Halafu akaandika barua, mistari miwili: anasikitika, amelizoea wazo.

"Amelizoea wazo!" Armida alizunguka ua mzima na ile barua. "Mimi nimemzoea mtu miaka arobaini na tisa, anakoroma, anaiba blanketi, na huyu amezoea wazo! Oreste atalala kati ya Piera na mhandisi!" Vitu vyake kwenye shubaka hakuvitoa. Manispaa ikabandika onyo, akalisoma, akalitumia kufungia maganda.

Mwezi wa nane akaenda Prafosco kama kawaida, akapitiliza hadi mwezi wa tisa. Akarudi na kikapu cha Oreste kimejaa uyoga mnene, mkavu, wenye harufu ya msitu, na hasira mpya: safari hii, kwa kuwa si mkazi tena wa Prafosco, alikatiwa kibali na mlinzi akampimia kikapu kwenye mzani kama mtalii. Alipika wali wa uyoga sufuria nzima, siagi, jibini, mvinyo mweupe. Harufu ilishuka ngazi zote. Nikachukua sahani.

"Weka chini," akaniambia. "Si wako. Vaa viatu."

Tukaenda na sufuria kwenye maghorofa ya kiwanda. Lifti yao iko palepale ilipokuwa mashine yake ya kuviringisha nyuzi. Aliugusa ukuta wake. Vismara alifungua mlango, pua yake ikatangulia, na safari hii tukaingia.

Alikula sahani nzima. Aliongezwa. Kijiko kilipogonga sufuria akauliza, "Bi Armida, uyoga kama huu unapatikana wapi?"

"Prafosco, Mhandisi. Kwetu. Kwa mume wangu, yaani. Msitu wa juu." Alipangusa mdomo pole pole. "Shida ni kwamba wameuzuia. Mgeni anapimiwa. Mkazi tu ndiye anaokota atakavyo."

"Ukaazi huo unapatikanaje?"

"Aa, karatasi moja tu. Nyumba ninayo, ina chumba cha pili kina dirisha la msituni, sikitumii. Mtu akijiandikisha pale, basi, ni wake msitu wote. Unajaza fomu, unatia sahihi." Akamwekea mabaki ya chini ya sufuria, yale matamu yaliyoshika. "Mume wangu alifanya hivyo. Hakujuta hata siku moja."

Mimi nilitazama nje ya kioo, mapaa ya ua wetu, maana nikimtazama ningecheka.

Vismara alikwangua sahani mpaka ikalia. Akatafuna, akafikiri, macho yameelea mbali.

"Na kuni," akauliza, "zimo?"